Mkenya wa Mwisho Kufika

Mwezi wa saba 2016, nikiwa bado Kisauni nangoja viza, nilipata barua pepe kutoka kwa mtu nisiyemjua. Alijitambulisha kuwa kocha wa mbio za nyika wa chuo kilichonikubali kule Minnesota. Akanikaribisha kwa maneno mazuri, akasifu alama zangu za hesabu, kisha akauliza: kilomita 5 nazikimbia kwa dakika ngapi? Nikaisoma mara tatu. Kwenye fomu zangu hakuna mahali nilipoandika kwamba nakimbia. Nilichoandika ni nchi.

Mimi ni mtoto wa Mombasa. Mbio nilizozijua ni za kukimbilia matatu Kongowea alfajiri, na hata hizo mara nyingi niliachwa stejini. Iten, wanakofanyia mazoezi wale mnaowaona kwenye televisheni, iko kama mita 2,400 juu ya bahari. Kwetu bahari yenyewe ndiyo jirani. Iten sijawahi kufika, na hadi leo nikisikia Wakalenjin wakiongea kwao sipati hata neno moja. Lakini utamwelezaje haya yote mtu aliyekwisha kusoma neno Kenya?

Nikamjibu ukweli: sijawahi kupimwa. Jibu hilo ndilo lililoniponza, maana kocha alilisoma kama unyenyekevu. Nilikuja kusikia baadaye kwamba aliwaambia vijana wake kuna Mkenya anakuja, na kule kwao hawajampima hata siku moja.

Nilitua Minneapolis mwisho wa Agosti. Siku chache kabla, tarehe 21, Eliud Kipchoge alikuwa ameshinda marathoni ya Olimpiki kule Rio. Sijui kama upo wakati mbaya zaidi wa kuingia Marekani ukiwa na pasipoti ya Kenya na miguu kama yangu. Hata afisa wa uwanja wa ndege aliniuliza kama nakimbia. Mama mdogo, aliyekuja kunipokea, alipohadithiwa alicheka hadi akaegemea toroli la mizigo.

Mama mdogo anakaa Brooklyn Park, kaskazini ya Minneapolis, mtaa wenye Wakenya wengi kiasi kwamba unga wa ugali, majani ya chai na Royco unavipata duka moja. Kazi yake ni kuhudumia wazee, zamu ya usiku. Alipojua kwamba nimejiandikisha kweli kwenye timu, hakucheka tena.

"Umekuja kusoma, mwanangu. Hao wa mbio wanakulipa?"

"Hapana, mama mdogo. Hawamlipi mtu."

"Hata skolashipu?"

"Hata hiyo."

"Basi wewe ni punda wa nani?"

Swali lake lilikuwa la haki, na kulijibu ilinibidi kwanza niielewe ligi yenyewe.

Michezo ya vyuo ya Marekani tuijuayo huku nje ni ile ya viwanja vya watu 80,000 na makocha wanaolipwa kuliko magavana. Hilo ni Daraja la Kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo. Chini yake lipo la Pili, na chini kabisa lipo la Tatu, ambako chuo hakiruhusiwi kumpa mwanafunzi hata senti moja kwa sababu ya mguu wake au mkono wake. Msaada wa ada upo, ila unapewa kwa uhitaji wa nyumbani kwenu au kwa masomo. Ukivunjika goti kesho, ada yako haitikisiki. Ukishinda kesho, vilevile haitikisiki.

Chuo changu, ambacho sitakitaja kwa sababu utaona tulivyokuwa tunakimbia, kilikuwa katika ligi moja ya Daraja la Tatu inayoitwa Minnesota Intercollegiate Athletic Conference. Watu wote wanaiita MIAC, wanatamka "maiyak". Ilianzishwa mwaka 1920 na vyuo saba: Carleton, Gustavus Adolphus, Hamline, Macalester, Saint John's, St. Olaf na St. Thomas. Nilipofika mimi vilikuwa 13, pamoja na Augsburg, Bethel, Concordia, Saint Mary's, na vile viwili vya wanawake, St. Benedict na St. Catherine.

Mtu aliyesoma shule ya misheni Kenya ataielewa ligi hii haraka kuliko Mmarekani wa California. Karibu kila chuo kina kanisa nyuma yake. St. Olaf ni cha Walutheri wa Kinorwe, Gustavus cha Walutheri wa Kiswidi, Saint John's ni cha watawa Wabenedikti waliojenga katikati ya misitu na maziwa, Hamline walikianzisha Wamethodisti, Macalester Wapresbiteri. Ni wahamiaji waliofika na Biblia na jembe, na kila dhehebu likataka chuo chake, kama vile kwetu kila misheni ilivyotaka shule yake na hospitali yake. Miaka mia baadaye wajukuu wao hawajui tofauti ya dhehebu na dhehebu, ila wanajua vizuri sana nani aliwafunga mwaka jana.

Na viko jirani mno. Northfield ni mji mdogo wenye vyuo viwili vya ligi, St. Olaf juu ya kilima na Carleton ng'ambo ya mto. Mwaka 1977 hao wawili walicheza mpira wa Kimarekani kwa vipimo vya mita badala ya yadi, kwa sababu Marekani ilikuwa inasemekana iko karibu kuhamia mita. St. Olaf ikashinda 43 kwa 0, na Marekani haikuhama. Nilipokuwa mazoezini nikiambiwa nusu maili na mimi nikitafuta kichwani ni mita ngapi, nilikuwa nawakumbuka hao kwa huzuni ya kweli.

Mbio zangu za kwanza zilikuwa Septemba, kilomita 8 kwenye uwanja wa gofu. Kocha alikuwa amenipanga mstari wa mbele. Risasi ikalia, na kwa dakika moja na nusu hivi nilikuwa Mkenya. Nilikwenda na wale wa mbele, nikasikia watu kando ya kamba wakipiga kelele. Kufika kilima cha kwanza kifua kikafunga. Walinipita mmoja mmoja, halafu makundi. Akanipita kijana aliyefungwa bandeji goti zima. Akanipita mwingine anakohoa. Nilimaliza dakika ya 34 na sekunde kadhaa, wakati mshindi alikuwa ameshavaa suruali na anakula ndizi. Nyuma yangu kulikuwa na watu watatu, na mmoja wao alikuwa amepotea njia.

Niliinama nimeshika magoti, nangoja kuambiwa nirudishe fulana. Kocha akaja, akatazama saa yake, akanitazama mimi. "Sasa umepimwa," akasema. "Jumatatu saa tisa na nusu mazoezini."

Hakuna aliyenicheka mbele yangu, ingawa kuna mmoja aliyekuwa ameshaniita "Kipchoge" wiki nzima ambaye siku hiyo alirudi kwenye jina langu la kweli. Hilo liliniuma kuliko kicheko.

Nilikuwa na sababu nyingine ya kubaki. Kazi yangu ya chuo, ile ya saa kumi kwa wiki wanayopewa wanafunzi, ilikuwa chumba cha kufulia chini ya ukumbi wa michezo. Kila mchezaji ana utepe mmoja wenye pini kubwa na namba. Anapitisha humo soksi, kaptula, fulana na taulo, anafunga, anatupa kwenye kikapu, na kila kitu kinafuliwa kikiwa kimefungwa pamoja. Mimi nilikuwa napakia mashine nne, nachambua tepe kwa timu, nazitundika kila moja kwenye namba yake. Mtu anayefua nguo za watu huwajua. Nilijua kipa wa soka ana ushirikina wa kutofua glovu baada ya ushindi. Nilijua timu gani imefungwa kabla sijasoma popote, maana nguo za waliofungwa hutupwa chini kando ya kikapu.

Na chumba hicho ndicho kilikuwa baraza yetu. Kulikuwa na joto la mashine, na nje Novemba ile theluji ilikuwa imeshaanza, kwa hiyo watu walikuja kukaa juu ya vikapu wakipiga soga. Humo ndimo nilimosikia habari za John Gagliardi, aliyefundisha mpira wa Kimarekani Saint John's tangu 1953 hadi 2012. Alishinda mechi 489 katika maisha yake ya ukocha, na hakuna kocha mwingine wa mpira huo wa vyuo aliyefikisha hizo. Lakini hawakuwa wakimhadithia kwa namba. Walihadithia kwamba alikataza wachezaji kuangushana mazoezini, hakutumia filimbi, na alikataa kuitwa kocha. Wamwite John tu. Mimi niliyelelewa na "shikamoo mwalimu" sikuamini. Bado nadhani kama ningeletwa mbele yake mdomo ungekataa.

Humo humo nilisikia ya Macalester, waliofungwa mechi 50 mfululizo za mpira huo kati ya 1974 na 1980. Hamsini. Nilimuuliza aliyekuwa akihadithia: sasa wale wa mechi ya 49 walikuwa wakivaa nguo kwa moyo gani? Akaniambia, "Kama wewe tu Jumamosi." Nikapakia mashine.

Mwaka wa pili nikashuka hadi dakika 31. Siri ilikuwa kuacha kuanza kama Mkenya. Kocha alinifundisha kutoka taratibu kwa aibu, kuwaacha wote waende, kisha kuokota wanaoanguka. "Okota," ndilo neno alilokuwa akinipigia kelele kando ya kamba, kama ninaokota embe.

Hapo ndipo nilipoielewa hesabu ya mbio za nyika, na mtu ambaye hajaielewa ataona kukimbia kwetu ni upuuzi. Kila timu huhesabiwa watu wake watano wa kwanza. Wa kwanza kufika ni pointi 1, wa 30 ni pointi 30, na timu yenye jumla ndogo ndiyo mshindi. Mtu wa sita na wa saba wa timu hawaongezi wala hawapunguzi chochote kwao. Ila wakimpita mtu wa tano wa timu nyingine, wanamsogeza nyuma nafasi moja, na timu yake inabeba pointi zaidi. Kwa hiyo ipo kazi maalumu ya watu wanaokimbia ili kuharibu hesabu za wengine bila kujihesabia wenyewe. Nilipoelezwa hivyo nilisema: hii kazi naiweza. Nikajiwekea lengo la kuwa mtu wa saba.

Usiku wa kuamkia mbio tulikula pamoja, mara nyingi nyumbani kwa mzazi wa mmoja wetu, na chakula kilikuwa tambi. Mara ya kwanza nilipotangaziwa tambi nilifurahi kupita kiasi. Kwetu tambi ni za sukari, iliki na zabibu, za futari. Zikaletwa za nyanya na nyama ya kusaga, na nikala huku roho ikitafuta iliki. Mwaka wa tatu nilimwomba mama mdogo anifundishe zile zetu, nikawapikia sufuria nzima kama kitinda mlo. Walikula kwa adabu, isipokuwa kijana mmoja wa mashambani kutoka karibu na Moorhead aliyerudia mara nne na asubuhi akalalamika tumbo kwenye basi.

Huko Moorhead ndiko kilipo Concordia, mpakani na North Dakota, karibu kilomita 380 kutoka Minneapolis. Safari hiyo ndefu ilikuwa na thamani yake. Hakuna ndege, hakuna hoteli ya kujivunia. Ni basi, vitabu vya kemia magotini, mtu anafanya insha na mwenzake anakoroma begani kwake. Nje ni mashamba ya mahindi yaliyovunwa hadi macho yachoke. Timu ya Concordia inajiita kwa jina la gunzi la mahindi, na wanalipenda. Nilimwambia baba hayo kwenye simu akadhani sijaelewa Kiingereza chao.

Baba alikuwa hakielewi chuo wala ligi, na nilishindwa kumwelezea hadi nilipotaja Macalester. "Ni chuo alichosoma Kofi Annan, baba. Alimaliza 1961. Na yeye alikuwa kwenye timu ya riadha." Simu ikanyamaza kidogo. Annan kwetu ni mtu wa nyumbani. Mwanzoni mwa 2008, baada ya ule uchaguzi, nchi nzima ilikaa mbele ya redio kungoja atoke chumba cha mazungumzo Nairobi aseme kama tutaishi. Mkataba ulitiwa saini tarehe 28 Februari, na nakumbuka baba alitoka nje akakaa kibarazani peke yake. Kwa hiyo niliposema kwamba Annan naye alivaa fulana ya ligi hii hii, baba alisema, "Ahaa," na tangu siku hiyo hakuniuliza tena kama nalipwa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike.

Mwaka 2017 ligi ilionyesha nyuso zake mbili ndani ya wiki chache. Tarehe 23 Septemba St. Thomas na Saint John's walicheza mechi yao ya watani katika Target Field, uwanja wa besiboli wa klabu ya kulipwa katikati ya Minneapolis. Waliingia watu 37,355, rekodi ya Daraja la Tatu. Nilikwenda na wenzangu baada ya mbio, bado nina tope kwenye vifundo vya miguu. Sikuelewa mchezo, lakini kelele zile nilizielewa. Zilikuwa za Gor Mahia na AFC Leopards, watani wa soka wa Kenya.

Na msimu huo huo St. Thomas wakaifunga St. Olaf 97 kwa 0.

Habari ilipofika chumba cha kufulia hakuna aliyecheka, hata wale waliowachukia St. Olaf kwa urithi. Jamaa mmoja wa timu yetu ya mpira, mtu mkubwa kama mlango, aliketi juu ya kikapu akasema polepole kwamba wiki mbili zijazo ni zamu yetu. Nguo zao wiki ile zilikuja kwenye vikapu kimya kimya. Mimi nilikuwa nachambua tepe, nikawa nawaza tu kwamba kuna mwanafunzi mahali fulani Northfield anayefanya kazi kama yangu, na yeye leo anaokota nguo sakafuni.

St. Thomas walikuwa wamekua. Wanafunzi wao wa shahada ya kwanza walikuwa zaidi ya 6,000, wakati wengi wetu tulikuwa karibu 2,000 au 3,000. Walikuwa na majengo mapya, na walishinda karibu kila mchezo. Hawakuvunja kanuni yoyote. Hawakumlipa mtu. Walikuwa tu wakubwa, na kila mwaka wakawa wakubwa zaidi. Mei 2019 ikatangazwa kwamba wataondolewa kwenye ligi, ligi waliyoianzisha wao wenyewe na wenzao sita, baada ya msimu wa 2020-21. Sababu iliyotolewa ni usawa wa ushindani.

Ubishi uliozuka sijaona mfano wake. Magazeti ya Minnesota yaliwasema marais wa vyuo vidogo kuwa watoto wanaobeba mpira wao kwenda nyumbani. Mzee mmoja mfuasi wa chuo chetu, anayekuja kila mchezo na thermosi ya kahawa, alinishika mkono akaniambia kwa hasira kwamba zamani ukifungwa ulikuwa unafanya mazoezi zaidi, basi. Kocha wetu alinyamaza, jambo ambalo si kawaida yake.

Mimi nilikuwa na fikra zangu na nilizileta kutoka Kisauni. Mtaani kwetu kulikuwa na mashindano ya mpira kila Agosti, zawadi mbuzi. Mwaka mmoja timu moja ilileta mamluki wanne, wachezaji wa ligi kuu waliokuwa likizoni. Wakashinda mechi ya kwanza tisa bila, ya pili nane bila. Mechi ya tatu wapinzani hawakufika uwanjani. Si kwa woga. Walikuwa nyumbani wanakunywa chai, na walipoulizwa wakasema wale wapewe tu mbuzi. Timu ile ikasimama uwanjani na mamluki wake na hakuna wa kucheza naye. Mbuzi waliyemchinja hakuna mtu wa mtaani aliyekwenda kumla.

St. Thomas hawakuleta mamluki, na hapo ndipo mfano wangu unapopwaya. Nilibishana na wenzangu usiku mzima ndani ya basi. Nilichokuwa nasema, kwa Kiingereza changu cha wakati ule, ni kwamba ligi ni watu waliokubaliana nani wanaweza kufungwa naye kisha wakaketi naye kula. Kufungwa 28 kwa 10 na mtu wa saizi yako unarudi Jumatatu unajaribu tena. Sifuri kwa 97 unarudi na nini? Mwenzangu wa kiti cha mbele, yule wa tambi, akanigeukia: "Lakini wewe ulikuwa wa mwisho mwaka mzima na ukarudi kila Jumatatu." Sikuwa na jibu la haraka. Baadaye nililipata: mimi nilikuwa na wanne au watano wa kuwaokota. Yule wa St. Olaf siku ile hakuwa na wa kumwokota.

Hata hivyo sidhani marais wale walikuwa na ujasiri wa kusema lililo rahisi, kwamba wanaachana na ndugu kwa sababu amekua. Walilizungusha. Na mwisho wake ulikuwa wa kushangaza: NCAA ikawaruhusu St. Thomas waruke kutoka Daraja la Tatu moja kwa moja hadi la Kwanza, wakahamia huko 2021. Waliofukuzwa wakaangukia ghorofani.

Machi 2020 ligi ilitimiza miaka 100. Mwezi ule ule korona ikafunga kila kitu, michezo ikakatwa katikati, tukatumwa nyumbani. Mimi nyumbani kulikuwa Brooklyn Park, chumba cha nyuma kwa mama mdogo, ambaye yeye hakufungiwa popote maana wazee wake walihitaji kuogeshwa korona ikiwepo isiwepo. Nilihitimu kwenye kompyuta ya mezani pake, kofia ya mahafali nimeivaa na kaptula ya mazoezi chini. Baba alikuwa kwenye simu kutoka Mombasa, picha ikikatikakatika.

Lakini mbio zangu za mwisho zilikuwa kabla ya hapo, vuli ya 2019, mashindano ya ligi. Timu 11 za wanaume. Kulikuwa na baridi ya kukaribia sifuri na nyasi zilikuwa ngumu kama mkeka wa plastiki. Mtu wetu wa sita alikuwa ameteguka Jumatano, na mahesabu ya usiku, tukila tambi, yalionyesha kwamba nikikimbia vizuri naweza kuwa wa saba. Miaka minne kwa ajili ya nafasi isiyohesabiwa. Sikupata usingizi.

Nilitoka taratibu kwa aibu. Kilomita 3 nilikuwa karibu na mkia kama kawaida. Kilomita 5 nikaanza kuokota. Mita 400 za mwisho, kwenye mteremko wa kuelekea tundu la 18, nikaona mgongo wa kijana mmoja na nikamsikia kocha wao akimpigia kelele kwamba yeye ni wa tano. Wa tano! Huyo ndiye niliyemtafuta miaka yote. Sikumbuki nilivyokwenda. Nakumbuka mate yaliyoganda kidevuni na sauti ya kocha wetu, "Okota! Okota!" kwa Kiingereza, na mimi naisikia kwa Kiswahili. Nilimpita kama hatua tatu kabla ya utepe. Dakika 28 na sekunde 41. Yeye 28 na 42.

Karatasi za matokeo zilibandikwa kwenye nguzo ya hema. Tulikuwa wa tisa. Timu yake ilikuwa ya kumi, nyuma yetu kwa pointi 14, kwa hiyo ile pointi moja niliyowaongezea haikubadilisha kitu chochote duniani. Nilikuwa bado naitafuta mistari kwa kidole kilichokufa ganzi wakati kijana yule alipokuja kusimama pembeni yangu, kikombe cha maziwa ya chokoleti mkononi. Akatafuta namba yake, kisha namba iliyo juu yake. Akalisoma jina langu, akanitazama, akauliza natokea wapi.

"Kenya."

"Kenya kabisa?"

"Mombasa," nikasema, lakini hilo halikumsaidia chochote.

Akaweka kikombe chini kwenye nyasi, akatoa simu, akaomba tupige picha. Baba yake hataamini, akasema. Ameshindwa na Mkenya kwa sekunde moja tu. Nikajinyoosha nikasimama wima, nikajitahidi kadiri ya uwezo wangu kufanana na mtu wa Iten.